Wanawake katika Safari za Wareno: Tuwatafute Wapi?

Mjini Lisbon, ukingoni mwa mto Tagus, mahali merikebu zilipokuwa zikiagia kuelekea bahari kuu, kuna mnara mkubwa wa mawe wenye umbo la omo la chombo. Ulijengwa mwaka 1960, miaka 500 baada ya kifo cha Henrique, yule mwana wa mfalme ambaye vitabu vya shule vinamwita Henry Baharia. Mnara una sanamu 33: manahodha, wachora ramani, mapadri, washairi, wafalme. Mwanamke ni mmoja tu, Filipa de Lencastre, naye yupo pale kwa kuwa ndiye aliyemzaa Henrique.

Wageni ninaowatembeza katika kazi yangu ya makumbusho hapa pwani huuliza sana habari za Vasco da Gama. Alifika Malindi lini? Alipokewa na nani? Alikwenda India na rubani gani? Anayeuliza habari za wanawake wa zama hizo ni mmoja katika mamia, na sisi wasimulizi tuna sehemu yetu ya lawama, kwa kuwa tumezoea kuanzia hadithi melini. Melini wanawake walikuwa wachache. Lakini ukifungua hati za mirathi, mikataba ya ndoa, barua za uteuzi, hati za uwakili na kumbukumbu za adhabu, utawakuta wamejaa.

Nianze na bibi mmoja ambaye, lau ningeulizwa mimi, ningemsimamisha mbele kabisa ya mnara ule.

Henrique, pamoja na jina lake la Baharia, hakusafiri kupita Afrika ya Kaskazini. Sifa yake yote ni ya kazi ya nchi kavu. Alimiliki visiwa vya Atlantiki, alisimamia Shirika la Kristo, jumuiya ya kidini ya wapiganaji, ambalo mali yake ilisaidia kugharimia misafara, aliteua watu wa kutawala visiwani, alituma manahodha. Alipofariki mwaka 1460, visiwa na mamlaka hayo vilimwangukia Fernando, mtoto wa ndugu yake aliyemfanya mrithi. Fernando naye akafa mwaka 1470, watoto wake wangali wadogo. Aliyeshika usukani tangu hapo ni mjane wake, Beatriz.

Kwa miaka mingi, kwa niaba ya wanawe, Beatriz aliendesha visiwa vya Madeira, Azores na Cabo Verde, pamoja na mambo ya Shirika la Kristo. Mwaka 1474 mtawala wa kisiwa cha Terceira, Jácome de Bruges, alipokuwa ametoweka, Beatriz ndiye aliyekigawa kisiwa kile mara mbili na kuteua watawala wawili: João Vaz Corte-Real upande wa Angra, na Álvaro Martins Homem upande wa Praia. Kazi ni ileile aliyoifanya Henrique. Mmoja alipewa jina la Baharia na kuwekwa kichwani mwa mnara. Mwingine hata wasomaji wazuri wa historia hawamjui.

Na kubwa zaidi la Beatriz lilikuwa bado. Ureno na Castilla, ufalme jirani katika Hispania ya leo, walikuwa wakipigana, na vita vilifika mpaka baharini, kwenye pwani ya Guinea, huko Afrika Magharibi, iliyokuwa ikitoa dhahabu. Machi 1479 Beatriz alikutana mjini Alcántara na Malkia Isabel wa Castilla. Isabel alikuwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo kwa hesabu yetu ya ukoo Beatriz alikuwa mama yake mdogo. Wakakaa wawili hao, mama mdogo na mwanawe, wakajadili mambo ambayo majeshi yalishindwa kuyamaliza. Mazungumzo yao ndiyo yaliyofungua njia ya Mkataba wa Alcáçovas wa tarehe 4 Septemba 1479. Castilla ikabaki na visiwa vya Canary. Ureno ikaachiwa Madeira, Azores, Cabo Verde na pwani ya Guinea, yaani njia ya kusini. Ni njia hiyo iliyomleta Vasco da Gama Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Mfalme aliyemtuma, Manuel, alikuwa mtoto wa Beatriz.

Binti yake Beatriz, Malkia Leonor, ndiye aliyeanzisha Misericórdia ya Lisbon mwaka huohuo wa 1498. Ilikuwa jumuiya ya huruma, ya kulisha maskini, kuuguza wagonjwa na kuzika wasio na ndugu. Wareno wakaenda nayo kila walikojenga, Goa ya India, Macau ya China na kwingineko, na huko ikapata kazi ambayo labda mwanzilishi hakuiwaza: askari au mfanyabiashara akifa Asia, jumuiya hiyo ilikusanya mali yake na kuifikisha kwa mjane na mayatima wake huko Ureno. Mtandao wa bahari haukuwa wa pilipili na mizinga peke yake. Ulikuwa pia wa mirathi inayomtafuta mwanamke aliyebaki.

Huyo aliyebaki anastahili kutazamwa vizuri. Safari ya India kwenda na kurudi ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi hawakurudi. Katika miji ya bandari kama Vila do Conde, kaskazini mwa Ureno, wanaume walikuwa baharini sehemu kubwa ya maisha yao. Nani aliuza shamba, alidai deni, alilipa ushuru, alimwozesha binti? Mke. Kabla ya kuondoka, mume alikwenda kwa mwandishi wa hati na kumwachia mkewe uwakili. Sheria ya Ureno nayo ilimpa nguvu: nyumba au ardhi haikuweza kuuzwa bila ridhaa ya mke, na mume akifa, katika ndoa nyingi, nusu ya mali ya pamoja ilikuwa ya mjane kabla ya kugawa urithi wowote. Ndiyo maana hati hizi zina majina mengi ya wanawake.

Uwakili huo ulifika mbali. Martim Afonso de Sousa alipopewa jimbo la São Vicente huko Brazili, kisha akatumwa India mwaka 1534, aliyeliendesha jimbo hilo kutoka Ureno alikuwa mkewe, Ana Pimentel. Pernambuco nayo iliongozwa na Brites de Albuquerque baada ya kifo cha mumewe, Duarte Coelho, na yeye alikuwa hukohuko Brazili.

Sasa tuingie melini.

Mwaka 1524 Vasco da Gama, akiwa mtu mzima na sasa ameteuliwa kuwa naibu wa mfalme India, alitangaza kabla ya kung'oa nanga kwamba mwanamke yeyote atakayekutwa chomboni baharini atachapwa viboko hadharani, hata akiwa mke wa mtu. Wanawake watatu walijificha wakaenda. Mwandishi wa kumbukumbu Gaspar Correia anasimulia kwamba walipofika Goa, Gama aliamuru wapigwe viboko 200 kila mmoja, huku mpiga mbiu akitangaza kosa lao. Watu wenye vyeo na mafrateri walikwenda kumsihi, akakataa. Miezi michache baadaye, mwezi wa Desemba, akiwa mgonjwa mahututi mjini Cochin, hukohuko India, aliagiza wale watatu wapewe fedha za kuwasaidia kuolewa, na wapewe kwa siri. Akafa tarehe 24.

Mimi kisa hiki huwa hakiniishi mawazoni. Tunajua idadi ya viboko. Tunajua kiasi cha fedha: reis, fedha ya Ureno, 100,000 kwa kila mmoja. Tunajua majuto ya aliyewapiga. Majina ya wanawake wenyewe Correia hakuona haja ya kuyaandika.

Wengine walisafirishwa kwa amri ya serikali ileile iliyowakataza wenzao. Kuanzia miaka ya 1540 mfalme alituma Goa wasichana yatima, walioitwa mayatima wa mfalme, waolewe na Wareno wa huko. Kwa desturi ya Wareno mali ya ndoa ilitoka upande wa bibi arusi, na kwa kuwa mabinti hawa hawakuwa na baba, mfalme aliwapa cheo: atakayemwoa fulani atapata kazi fulani serikalini. Binti akawa njia ya kupatia ajira.

Hata hivyo walikuwa wachache mno kujaza makazi ya Wareno. Afonso de Albuquerque, gavana wa Wareno huko India, alipoitwaa tena Goa mwaka 1510, aliwaozesha askari wake wanawake wa pale, wengi wao mateka wa vita vilevile, wakabatizwa kwanza. Familia za Wareno wa Asia zilitokana na mama hao. Wao ndio waliojua lugha, soko, chakula na dawa za nchi, na bila wao askari aliyetoka Lisbon hakuwa na kwao India.

Na lazima nitaje siku moja ya zamani zaidi, kwa kuwa anayesimulia safari hizi akairuka siku hiyo anadanganya. Agosti 1444, katika bandari ya Lagos kusini mwa Ureno, walishushwa mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi, wakagawanywa uwanjani Henrique akiwa juu ya farasi. Zurara, mwandishi wa mfalme aliyeandika kumsifu Henrique, anaeleza jinsi akina mama walivyowakumbatia watoto wao na kujitupa kifudifudi, wakipokea mapigo bila kujali, mradi watoto wasinyang'anywe. Hawa nao ni wanawake wa zama za safari za Wareno.

Karne moja baadaye tunakutana na wengine watatu, na bila wao Ureno isingekuwa na kisa chake mashuhuri kuliko vyote vya kuzama kwa meli. Juni 1552 merikebu kubwa São João, iliyotoka Cochin na shehena ya pilipili, ilivunjika katika pwani ya Natal, Afrika Kusini. Waliofika nchi kavu walikuwa kama 500, wengi wao watumwa. Nahodha Manuel de Sousa Sepúlveda alikuwa na mkewe, Leonor de Sá, na watoto wadogo. Wakatembea kuelekea kaskazini zaidi ya miezi mitano. Mwanzoni Leonor alibebwa na watumwa kwa machela. Baadaye alitembea kama wengine. Karibu na ghuba ya Maputo walivuliwa nguo. Leonor alijifunika kwa nywele zake, akachimba shimo mchangani, akajizika hadi kiunoni, na hakuinuka tena pale. Wanaume waliokuwapo walisogea mbali kwa aibu. Mumewe alimzika yeye na mtoto, akaingia msituni, asionekane tena.

Kisa hicho kiliwaliza Wareno kwa vizazi, na mshairi Camões akakiingiza katika utenzi wake wa mwaka 1572. Masimulizi yaliyochapishwa yanamtaja kama msimulizi Álvaro Fernandes, mmoja wa watu wa chombo. Lakini humohumo imeandikwa, kwa maneno machache tu, kwamba waliokuwa na Leonor hadi mwisho ni watumwa wake wa kike, na kwamba watatu kati yao waliokoka, wakafika Goa, wakaeleza walivyomwona akifa. Machozi yote yale yanatokana na ushahidi wa wanawake watatu walioteseka safari ileile, wakazika, wakatembea tena.

Hapa kwetu Mombasa, mwishoni mwa utawala wa Wareno, tunayo yetu. Majeshi ya Oman yaliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696. Malkia Fatuma wa Unguja alikuwa upande wa Wareno na aliwapelekea chakula waliozingirwa; alilipa kwa kupelekwa uhamishoni Muscat. Ndani ya ngome adui mbaya zaidi alikuwa maradhi. Mwaka 1697 tauni iliwamaliza askari wa Kireno mmoja baada ya mwingine, mpaka kamanda wao akafa mwezi Agosti. Ngome ikabaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, naye aliishikilia hadi msaada ulipofika mwezi Septemba.

Ninapowatembeza wageni huwapandisha kwanza ukutani, upande unaotazama bahari ambako msaada huo ulisubiriwa, kisha nawahesabia waliokuwa wamebaki na Daud kulinda kuta zile: jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.