CRP juu, vitamini D chini: nani kamvuta mwenzake?

"Vitamini D yako iko chini, ndiyo maana mwili unavimba." Wagonjwa wa lupus (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) na baridi yabisi wameambiwa hivyo mara nyingi wakiwa wameshika karatasi ya majibu mkononi, na hapo ndipo wengi huteleza.

CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukivimba; hutengenezwa na ini likipata habari kutoka kwenye chembe za kinga kwamba kuna vita. Sasa, watu waliofanyiwa upasuaji wa goti walipimwa kabla na baada: siku chache tu CRP ikapaa, vitamini D ikaporomoka. Hawakuwa wamehama jua wala kubadili chakula. Uvimbe wenyewe huishusha vitamini D inayoonekana kwenye damu. Ukipima ukiwa na homa au viungo vimewaka, unaweza kuona upungufu mkubwa kuliko ulionao.

Dhana nyingine: CRP ikiwa ya kawaida, lupus imelala. Wapi! Lupus inaweza kushambulia figo na CRP isitikisike sana, huku ESR, kipimo kingine cha damu cha kuonyesha uvimbe, ikipanda. Kwa mwenye lupus, CRP ikiruka ghafla daktari makini huanza kutafuta maambukizi. Nayo ESR si ya kuaminiwa peke yake. Maabara husimamisha damu kwenye mrija mwembamba, saa moja ikipita wanasoma chembe nyekundu zimetua milimita ngapi. Mjamzito, mzee na mwenye upungufu wa damu, zao hutua haraka hata bila ugonjwa huo.

"Na jua lote hili la Pwani, vitamini D itapunguaje?" Wamasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania walikuwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango kizuri sana, lakini wao hushinda nje. Anayetoka alfajiri na kurudi magharibi jua analionea dirishani. Mwenye lupus ndiyo kabisa: jua huamsha ugonjwa, kwa hiyo hujifunika, na vitamini D huitafuta kwenye vidonge.

Je, vidonge vinatibu? Utafiti wa VITAL wa Marekani uliwafuata watu 25,871, wote wenye miaka 50 na zaidi, kwa miaka 5 hivi. Matokeo ya 2022: waliomeza yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, 123 walipata magonjwa ya kinga kushambulia mwili, waliopewa vidonge vitupu, 155. Hiyo ni kuzuia, si kutibu. Mwenye baridi yabisi asiache methotrexate, dawa yake ya kutuliza kinga, kwa habari hii. Wala dozi kubwa kubwa za kujipangia hazifai: kalsiamu hupanda kwenye damu, figo zikaumia.

Halafu, kabla hujashtukia namba, soma kipimo kilichoandikwa pembeni yake. Nanogramu 30 kwa mililita ni sawa na nanomoli 75 kwa lita, uko salama. Nanomoli 30 ni upungufu.