Nabugabo hakuna bilhazia, ila siyo kwa sababu unayoijua

Jumapili tena. Niko ndani ya maji pale Nabugabo, kale kaziwa ka Uganda kando ya Ziwa Victoria, suruali nimekunja hadi magotini, mita ya kupimia maji mkononi, jamaa mmoja katoka Kampala na familia yake ananifundisha kazi yangu: "Ssebo, hapa tunaoga tu, maji ni masafi ndio maana hamna bilhazia." Nilicheka kwa heshima. Mwezi huu yeye ni wa nne.

Masafi wapi? Maji yenyewe rangi ya chai ya rangi, ukizamisha mkono hadi kiwiko vidole huvioni vizuri. Usafi hauna habari na kichocho (ndiyo hiyo bilhazia), jamani. Kuna maji meupe kama kioo yenye kichocho na kuna tope lisilo nacho. Kinachohesabika ni konokono. Mgonjwa anajisaidia majini, mayai yanaanguliwa, kijidudu kinaingia kwa konokono, kinakaa humo kinazaana wiki kadhaa, halafu kinatoka kutafuta ngozi yako. Ukimtoa konokono kwenye huo mnyororo kijidudu kinakufa njaa, hata kama nusu ya kijiji ni wagonjwa.

Sasa konokono anahitaji kalsiamu ya kujengea gamba, na Nabugabo ni ziwa maskini. Siyo safi, MASKINI. Kondaktiviti yake, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme kutokana na madini yaliyomo, inacheza kwenye maikrosimensi 25 kwa sentimita, ukivuka upande wa Victoria unasoma karibu mia. Na kuvuka ni mwendo mfupi tu, ule mchanga unaotenganisha maziwa mawili sehemu nyembamba ni kilomita moja na kitu. Mara ya mwisho nilivuka kwa miguu na mwanafunzi mmoja, upande wa Victoria tukaokota makombe na magamba ya konokono hadi mfuko wa kaveera ukajaa, tukarudi Nabugabo tukainama ufukweni saa nzima, hatukupata hata kipande. Yule kijana akaniambia mzee, kumbe ungenileta hapa kabla ya zile lecha zote.

Umaskini umetoka wapi? Zamani Nabugabo ilikuwa ghuba ya Victoria, mawimbi na upepo vikajenga tuta la mchanga mdomoni mpaka pakaziba. Tangu hapo inakunywa mvua na maji yanayochujika kwenye kinamasi cha Lwamunda, yanapita kwenye mafunjo na matope meusi, yakifika ziwani madini yamebaki kidogo sana na yana uchachu kidogo. Mto wa kutoka haupo, maji yanajipenyeza chini ya mchanga kwenda Victoria. Hii ya tuta kuziba lini vitabu vinaandika miaka 4,000 kana kwamba kuna mtu alikuwepo na saa. Ni vipimo vya kaboni, na wengine waliochimba matope ya chini wanasogeza hadi 5,000 hivi. Mimi wageni nawaambia "elfu nne, elfu tano" na nageuza maneno haraka.

Kufungiwa huko ndiko kulizaa aina tano za nkejje, visamaki vidogo, ambao duniani wanajulikana kutoka hapa na viziwa vya jirani tu. Halafu miaka ya 1960 watu wakamwaga mputa ndani, yule sangara anayekula samaki wenzake. Ukiniuliza kama wote watano bado wamo kwenye ziwa kubwa nitakohoa kwanza. Ukitaka kuona nkejje wametulia nenda vile viziwa vya pembeni, Kayanja na Kayugi, mputa hakufika huko.

Mambo mengine ya pwani hii nayapita mbio. Ndiyo, tuna pwani, Mmombasa usinicheke. Ukishuka kusini hadi Sango Bay kuna msitu wa kinamasi ambao musenene, mti wa jamii ya podo tuliozoea kuutafuta milimani, unaota ukiwa umeloweka miguu kwenye mita 1,150 hivi juu ya bahari. Mbele ya hapo visiwa vya Musambwa vimejaa shakwe wa kichwa cha kijivu na nyoka ambao wavuvi hawawaui. Wageni hawafiki wengi, wanaishia Nabugabo kuchoma nyama.

Turudi kwa jamaa wangu. Kosa lake siyo kuoga Nabugabo, aoge. Kosa ni kwamba akishaamini "maji masafi" anabeba hiyo imani popote: alivyomaliza kula akaniambia jioni wanapita upande wa Victoria, kuna ufukwe mzuri, maji meupeee unaona hadi mchanga wa chini. Watoto watatu. Nikamwambia mzee, huko ndiko konokono waliko. Akanitazama kama namharibia Jumapili.

Kama na wewe ulishapita huko ukaoga, usingoje tumbo likuume. Nenda kliniki wapime choo, na kichocho kikionekana dawa ni prazikwanteli tu, unapimwa uzito unapewa vidonge. Vichungu kweli, meza na chakula.