Sikiliza pale Lata anaponyamaza

Mtu akijua kwamba napiga fidla kwenye taarab na kwamba kabatini nina santuri za nyimbo za filamu za Kihindi, swali lake la kwanza huwa lile lile, nani mwimbaji bora: Lata au Rafi? Akimaliza hapo anahamia kwa Mukesh na Kishore. Ni swali zuri la barazani, kahawa inanoga nalo. Mimi lakini nyimbo hizi za kuanzia 1949 hadi mwisho wa miaka ya 1960 zimenifunza kuanzia kwingine. Anza pale mwimbaji anaponyamaza.

Chukua wimbo wowote wa enzi ile. Unafunguka kwa ala tupu, sekunde kumi, ishirini. Inaingia mukhda, ule mstari tunaoukumbuka sote hata tusiojua Kihindi. Mwimbaji anapumzika, ala zinashika nafasi, kisha ndipo unakuja ubeti, wanaouita antara, ambao aghalabu hupanda juu kuliko mukhda na kushuka tena mpaka kwenye mukhda. Yote hayo ndani ya dakika tatu na ushei, maana upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 haukubeba zaidi. Sisi wa taarab, ambao wimbo mmoja unaweza kumaliza robo saa na watu bado wanapanda kutunza, hatuna ubahili kama huo. Mtunzi wa Bombay, mji wa filamu hizo ambao leo unaitwa Mumbai, hakuwa na pa kuzurura.

Sasa sikiliza kile kipande cha kati. Baada ya mukhda kinakuja kimoja, baada ya ubeti wa kwanza mara nyingi kinakuja kingine kabisa, chenye lahani yake. Yaani ndani ya wimbo mmoja mfupi wametia nyimbo ndogo mbili tatu zisizo na maneno. Ukimwuliza shabiki aliyesikiliza miaka thelathini akuimbie kile kipande, anakiimba chote bila kukosea. Ukimwuliza nani aliyekipanga, kimya.

Mara nyingi alikuwa Mgoa. Goa, katika pwani ya magharibi ya India, ilikuwa chini ya Wareno hadi 1961, na shule za parokia huko zilifundisha watoto kusoma noti na kupiga fidla kwa ajili ya kanisa. Vijana wale walipokwenda Bombay kutafuta riziki, walikuta watunzi wenye lahani tele vichwani, wengi wao wasioandika noti. Mtunzi anapiga kinanda cha kuvuta na kuimba, Mgoa yuko pembeni na daftari, na kesho yake kila mpigaji anakuta karatasi yake mbele. Sebastian D'Souza alikuwa na bendi Lahore kabla ya India kugawanywa 1947. Baadaye akawa mkono wa kuume wa Shankar na Jaikishan, watunzi wawili waliofanya kazi pamoja. Mwingine ni Anthony Gonsalves, mwalimu wa fidla wa Pyarelal, yule wa jozi ya watunzi Laxmikant-Pyarelal. Mwanafunzi alikuja kumtunza mwalimu wake: ule wimbo wa kuchekesha unaotaja jina lake katika Amar Akbar Anthony, 1977, unamtaja mtu wa kweli.

Ukitaka kuisikia kazi ya Sebastian, weka "Pyar Hua Ikrar Hua" wa filamu ya Shree 420, 1955, ule wa mwavuli mmoja na mvua. Wasahau Lata na Manna Dey kwa mara moja tu. Zisikilize fidla zilizo chini yao. Hazifuati sauti, zinaijibu. Mwimbaji akivuta neno, fidla zinatembea. Akitembea yeye, zinatulia. Mimi mpigaji wa fidla nilifunzwa kumfuata mwimbaji kama kivuli, na siku nilipolitambua hili nilikaa na kuurudia wimbo huo hadi mke wangu akanihamishia chumba cha nyuma.

Kuna wimbo mwingine ambao mtu wa pwani yetu hana udhuru wa kutoujua. "Ghar Aaya Mera Pardesi", kutoka Awaara ya 1951. Mzee aliyekulia kwenye nyimbo za Umm Kulthum wa Misri akiusikia anainua kichwa, na hakosei: lahani yake imetokana na "Ala Balad el-Mahboub", wimbo wa Umm Kulthum uliotoka na filamu yake ya Wedad, 1936. Basi Bombay nao walikuwa wakiisikiliza Cairo, kama sisi. Kisha sisi tukachukua kwa Bombay, na Juma Bhalo wa Mombasa akawafanya watu walie kwa lahani za Kihindi zenye maneno ya Kiswahili. Wanaomsema Bhalo kwamba alikopa tu, waulizeni kwanza Shankar na Jaikishan, watunzi wa wimbo huu wa Awaara, walikopa wapi. Na kabla ya hao wote, Siti binti Saad alipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, miaka mitatu kabla India haijatoa filamu yake ya kwanza yenye sauti.

Lakini katika wimbo huo usiishie kwenye lahani. Kamata dholaki, ile ngoma ya Kihindi ya pande mbili. Aliyeipiga anajulikana kwa jina la Lala, na mikono yake ndiyo iliyoufanya wimbo wa Cairo ukawa wa Bombay. Umm Kulthum anakuacha umekaa. Lala anakuinua.

Sauti nyingine inayowadanganya watu ni ya nyoka. Katika Naagin ya 1954, mtunzi Hemant Kumar, kuna zumari la mchezesha nyoka ambalo mpaka leo likipigwa harusini utaona mtu kakunja viganja juu ya kichwa. Si zumari. Ni klaviolini, kinanda kidogo cha umeme, kilichopigwa na Kalyanji kabla hajawa mtunzi mwenye jina, pamoja na kinanda cha kuvuta cha Ravi. Wote wawili walikuja kuwa watunzi wakubwa.

Kuhusu raga, ile mipangilio ya noti ambayo lahani za Kihindi hujengwa juu yake, sitasema mengi, kwani raga haifundishwi kwenye blogu. Mfano mmoja unatosha. "Man Tarpat Hari Darshan" wa Baiju Bawra, 1952, uko katika Malkauns, raga ya noti tano. Noti ya tano ya ngazi, ile ambayo sikio huiegemea kama mtu anavyoegemea nguzo, haimo. Ndiyo maana unaposikiliza unahisi kuna kitu kinaning'inia na hakitui. Huo ni wimbo wa kumwomba Hari, mungu wa Wahindu. Lahani ni ya Naushad, maneno ya Shakeel Badayuni, sauti ya Mohammed Rafi. Waislamu watatu.

Na maneno yenyewe msiyaogope. Washairi kama Shakeel na Sahir Ludhianvi waliandika kwa Kiurdu, na Kiurdu kimekula Kiarabu kama Kiswahili kilivyokula. Duniya ni dunia, waqt ni wakati, safar ni safari, mohabbat utaisikia ndani ya mahaba, zulm ndani ya dhuluma, rooh ni roho. Geeta Dutt anapoulalamikia wakati katika Kaagaz Ke Phool, 1959, neno lake la kwanza tu linakuingia bila mkalimani.

Hata waimbaji wenyewe hawakuanza na majina. "Aayega Aanewala" wa filamu ya Mahal, 1949, uliimbwa na Lata akiwa na miaka ishirini hivi. Sauti ilitakiwa isikike kama mzuka anayekaribia, na mitambo ya mwangwi haikuwapo, basi akaanza kuimba akiwa mbali na maikrofoni huku akiisogelea hatua kwa hatua. Santuri ilipotoka, lebo iliandikwa Kamini, jina la mhusika aliyeigizwa na Madhubala. Wasikilizaji wakaijaza redio barua kuuliza ni nani huyu. Lata akapata jina lake. Waliokaa nyuma yake na fidla, hakuna aliyewaandikia redio.

Mkiwatafuta leo, jihadharini na matoleo yenye neno jhankar. Wakati wa kaseti walizichukua rekodi za zamani, wakazibandika ngoma za mashine juu yake ili zichangamke. Nilinunua moja, nikaenda moja kwa moja kwenye "Ghar Aaya Mera Pardesi" nimsikie Lala. Tap-tap-tap ya mashine mwanzo hadi mwisho, dholaki haimo. Nikaitumia kaseti hiyo kurekodia harusi ya binamu yangu.