Haplogrupu O si jina la kabila

Nimeshalisikia mara nyingi mno: Mngazija au Mmalagasi kapima vinasaba, majibu yamekuja na herufi O, na waliomzunguka wanahitimisha kwamba kumbe ni Mchina. Wengine huendelea mbele wakamhesabia na asilimia za Uchina alizonazo mwilini, zote kutokana na herufi hiyo moja. Herufi O haisemi hivyo. Haiwezi kusema hivyo hata kipimo kikifanywa kwa umakini wa hali ya juu kabisa.

Haplogrupu ya kuumeni ni kundi la wanaume waliorithi alama moja ya kale ya kromosomu Y (uzi wa DNA walio nao wanaume tu) kutoka kwa baba mmoja. Kromosomu hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, karibu yote ikiwa vilevile, pasipo kuchanganyika na kitu cha mama. Mara mojamoja hutokea kosa dogo inaponakiliwa, na kosa hilo hubaki kwa wana, wajukuu na vilembwe wote wa kuumeni. Kosa linaloitambulisha haplogrupu O limepewa jina M175: herufi tano za DNA zilizodondoka katika kromosomu Y ya mwanamume mmoja aliyeishi pande za mashariki mwa Asia, miaka 30,000 hivi iliyopita au zaidi. Kila mwenye M175 leo ni uzao wake. Maana yenyewe imeishia hapo, na kinachofuata ni yale yanayobebeshwa maana hiyo bila haki.

Chukua jina la mtu linalotajwa kwa ukamilifu: Ali bin Juma bin Hamisi bin Bakari, mpaka unapoishia. Humo hamna mama hata mmoja. Hamna baba wa mama, wala babu wa bibi. Kromosomu Y hufuata njia ileile ya hizo «bin». Ukirudi vizazi kumi nyuma, kila mmoja wetu ana nafasi 1,024 za wazazi wa kizazi hicho, na Y imetoka kwa mmoja tu kati yao. Ukirudi vizazi ishirini, nafasi zinapita milioni moja (nafasi, si watu, maana mtu yuleyule hujirudia kwenye matawi kadhaa), na Y bado imetoka kwa mmoja. Waliobaki ndio waliokupa sura, kimo, rangi, damu na hata magonjwa ya ukoo, lakini kwenye herufi hiyo hawamo. Na mwanamke hana Y kabisa. Akitaka kuijua nasaba ya baba yake kwa njia hii, apimwe baba, kaka au baba yake mdogo.

Kosa la pili ni la wakati. Huyo mwanamume wa kwanza mwenye M175 hakuwa Mchina. Hapakuwa na Uchina, wala lugha ya Kichina, wala shamba la mpunga popote duniani. Watu wote waliishi kwa kuwinda na kuokota. Isitoshe, nasaba yake ina ndugu wa karibu. Alama iitwayo M214 inaziunganisha haplogrupu O na haplogrupu N chini ya babu mmoja. Uzao wa N ulienea kaskazini, ukapita Siberia, ukafika Ulaya, na leo zaidi ya nusu ya wanaume wa Finland wanaibeba. Mfini mwenye nywele za rangi ya dhahabu na mkulima wa Henan, Uchina, wanaweza kuwa karibu zaidi kwa kuumeni kuliko Mfini huyo na Mjerumani. Hakuna anayemtazama Mfini akamwita Mchina, na ni sawa kabisa, kwa sababu nasaba moja ya kuumeni haimtengenezi mtu. Afrika nako upo mfano wa aina hiyo. Kaskazini mwa Kamerun na huko Chad, wanaume wengi wanaozungumza lugha za Kichadi wana R1b, tawi la haplogrupu ileile iliyotawala Ulaya Magharibi. Ni Waafrika, na hilo halina mjadala.

Sasa, kwa nini O imejaa sana Asia Mashariki? Jibu ni kilimo. Mtama mdogo ulilimwa katika bonde la Mto Manjano, mpunga katika bonde la Yangtze, na waliokuwa na chakula cha uhakika walizaa wakaongezeka. Tawi lililonufaika zaidi ni lenye alama M122, ambalo leo linabebwa na zaidi ya nusu ya wanaume Wahan, kabila kubwa kabisa la Uchina. Mwaka 2014 watafiti wa Uchina walionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya wanaume wa nchi hiyo wanatokana kwa kuumeni na wanaume watatu tu wa zama za mawe mpya, walioishi kati ya miaka 5,000 na 7,000 iliyopita. Watatu! Sidhani kama kuna takwimu inayoeleza vizuri zaidi kwamba wingi wa nasaba hauna uhusiano na usafi wa damu. Wanaume wengine wengi waliishi wakati huohuo, mahali hapohapo, na damu yao imo ndani ya Wachina wa leo kupitia binti zao. Nyuzi zao za Y ndizo zilizokatika. Ukoo ukipata mabinti watupu kizazi kimoja, Y yake imekwisha, lakini ukoo wenyewe unaendelea.

(Angalizo kwa wanaosoma makala za zamani: tawi hili la M122 lilikuwa likiitwa O3, kisha likabadilishwa kuwa O2, na O2 ya awali ikahamishiwa O1b. Tajeni alama yenyewe, M122, maana hiyo haibadiliki.)

Matawi mengine yalikwenda kwingine. M119 ni nyingi kwa wenyeji wa asili wa Taiwan na kwa jamii zinazozungumza lugha za Kiaustronesia, watu waliovuka bahari kutoka Taiwan hadi Ufilipino na kuendelea na visiwa vya kusini. M176 iko Korea na Japani, ambako ilifika pamoja na wakulima wa mpunga na kukuta wenyeji wa nasaba nyingine, haplogrupu D, ambayo hadi leo inabebwa na takriban theluthi moja ya wanaume Wajapani. M95 ilishika Asia ya Kusini-Mashariki, na kutoka huko ikaingia India.

Huko India ndiko ilikozaliwa hoja ninayoipenda kuliko zote. Wamunda wa India ya mashariki na kati huzungumza lugha ya jamii moja na Kikhmer na Kivietinamu, na wanaume wao wengi wana M95. Ila ukipima DNA ya mitokondria, inayopita kwa mama pekee, karibu yote ni ya Kihindi. Yaani wanaume walikuja na lugha, wakaoa wenyeji. Ukienda Polynesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, utakuta kinyume chake. Lugha ni ya Kiaustronesia, mitokondria zaidi ya asilimia 90 zina asili ya Asia, lakini karibu theluthi mbili za Y zimetoka Melanesia, yaani New Guinea na visiwa jirani. Huko, aliyetegemea Y peke yake angesema Wapolinesia ni Wamelanesia, na angekosea. Na kwa Wamunda angekosea kwa upande wa pili.

Ndiyo sababu kisa cha majirani zetu wa visiwani kinaniuma kikielezwa ovyo. Mababu wa Wamalagasi walivuka Bahari ya Hindi katika milenia ya kwanza baada ya Kristo, na lugha yao ina undugu wa karibu na Kimaanyan cha bonde la Barito, Borneo. Wanahistoria wengi wanaihusisha hata ngalawa yetu na ujuzi wa mabaharia hao. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya sampuli vijijini kote Madagaska, ulikuta kwamba zaidi ya theluthi mbili za Y zina asili ya Afrika na karibu moja ya tano zina asili ya Asia Mashariki, ilhali kwa kuukeni upande wa Asia unakaribia nusu. Kwa maneno mengine, Mmerina mwenye sura ya Kiasia anaweza kabisa kuwa na Y ya Kibantu, na Msakalava mweusi wa pwani anaweza kuwa na O. Komoro nako O ipo, kwa kiasi kidogo, na wenye nayo ni Wakomoro sawa na majirani zao wasio nayo. Walioileta O hiyo walitoka visiwa vya Indonesia ya leo, si Uchina.

Kwa hiyo ndugu, jamaa yako akija na O yake, muulize kwanza ni O yenye alama gani: M119 na M95 zinaelekeza visiwani, kwa wasafiri wa Kiaustronesia, na M122 inahitaji kuchimbwa zaidi kabla ya kusema lolote. Akitaka asilimia, atafute kipimo cha jinomu nzima, yaani DNA yake yote, kwa maana Y haitoi asilimia. Na badala ya kumwambia «wewe ni Mchina», mwambie kwamba baba wa baba wa baba zake, mmoja kati ya wazee wake maelfu, alivuka bahari kutoka mashariki.