Kukodi gari nje na leseni ya kwenu: yanayosemwa na ukweli wake

Kuna kitu kinawachanganya karibu watu wote wanaotaka kukodi gari nchi ya watu: polisi kukuruhusu kuendesha, kampuni kukubali kukupa gari, na bima kukulipia ukigonga ni mambo matatu tofauti kabisa, na unaweza ukawa na mawili ukakosa la tatu. Uongo mwingi unaozunguka unatokea hapo, mtu akishapewa funguo anaona kila kitu kiko sawa. Funguo hazithibitishi chochote jamani, aliyekupa anaangalia masharti yake, hakuhakikishii kwamba sheria iko upande wako.

"Nina leseni ya kimataifa, inatosha." Haitoshi. Kile kijitabu ni kibali tu, kazi yake ni kutafsiri leseni yako ya kawaida kwa lugha kadhaa ili askari wa huko aelewe wewe ni nani na unaruhusiwa magari gani. Ukikibeba bila leseni yenyewe ni karatasi tu, na leseni ikiisha muda nacho kimekwisha. Kinatolewa kwenye nchi iliyokupa leseni, na serikali au chama cha madereva kilichopewa kazi hiyo, Marekani kwa mfano ni AAA, kwa hiyo chukua kabla hujapanda ndege maana huko unakokwenda hawakupi.

Na hapa naomba watu wawe makini kweli kweli, kuna tovuti kibao zinauza "leseni za kimataifa" zenye nembo nzuri, nyingine zinaahidi miaka 10 au zinakuambia hata kama hukupita mtihani popote utaendesha. Ni utapeli, na tume ya biashara ya Marekani, FTC, imeshawaonya watu kuhusu hizi biashara. Kibali halali cha mkataba wa kimataifa wa barabara wa 1949 ni mwaka 1, cha mkataba wa 1968 hakizidi miaka 3, basi.

Halafu wengi hawajui kwamba vibali vyenyewe havifanani. Kuna mkataba wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968 (upo na wa zamani zaidi wa Paris, 1926), na nchi zimesaini tofauti tofauti. Japani inakubali cha 1949 tu, ukienda na cha 1968 hupewi gari hata ulie, ila wenye leseni za nchi chache kama Ujerumani, Ufaransa na Uswisi wao wanatumia leseni yao pamoja na tafsiri rasmi ya Kijapani. China bara ndio kabisa, haitambui kibali chochote, unatakiwa upate leseni yao ya muda kwanza. Kwa hiyo angalia jalada la kijitabu chako, mwaka wa mkataba umeandikwa.

"Leseni yangu imeandikwa kwa Kiingereza, inakubalika kila mahali na muda wote." Mgeni wa matembezi anaweza kuwa sawa, Uingereza wanakuruhusu miezi 12 na leseni halali ya kwenu, Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Ila ukihamia hali inabadilika, na wanafunzi na wafanyakazi wanaumia sana hapa. Ujerumani ukishakuwa mkazi una miezi 6 tu ya kutumia leseni ya nje ya Ulaya. California mkazi mpya anapewa siku 10 atafute leseni ya jimbo. Mtu amekaa miaka miwili mahali bado anaendesha na leseni ya nyumbani kwa sababu kampuni inamkodisha bila maswali, kumbe kisheria ni mtu asiye na leseni, na siku akipata ajali bima inalo la kujitetea nalo.

Sasa bima, ambapo hela nyingi zinapotea. Watu wanaona kwenye mkataba "ulinzi wa uharibifu umo" wanadhani wamefunikwa kila kitu. Ile mara nyingi wala sio bima, ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai thamani yote ya gari, lakini kuna kiasi unabeba mwenyewe na kinaweza kuwa kikubwa, na ndio maana wanazuia dipoziti kubwa kwenye kadi yako. Tena soma vilivyotolewa nje: tairi, vioo, paa, chini ya gari, kuweka mafuta yasiyo yake, funguo kupotea. Aisilandi ni mfano mzuri, huko upepo unabeba mchanga na majivu ya volkano unakwangua rangi gari zima, na kinga ya kawaida haigusi hilo, wala mlango uliopeperushwa na upepo ukapinda, na zile barabara za milimani zinazoanza na herufi F ukipita na gari lisilo 4x4 umevunja sheria na mkataba kwa pamoja.

"Kadi yangu ya benki inanilipia." Inawezekana, lakini kwa kawaida ni mpaka uwe umelipia kukodi kwote kwa kadi hiyo hiyo, umekataa ulinzi wa kampuni, na nchi hiyo isiwe kwenye orodha ya zilizotolewa. Na huwa inahusu gari ulilokodi, sio mtu uliyemgonga. Ulaya bima ya kuwalipa wengine sheria inalazimisha gari liwe nayo, Marekani viwango vya chini vinategemea jimbo na sehemu nyingi ni vidogo mno ukilinganisha na bili ya hospitali ya kule. Hapo usibane hela kabisa.

Kushea gari ndio kuna dhana mbaya kuliko zote: "tumekodi pamoja, tumechanga pamoja, kwa hiyo yeyote anaendesha." Hapana. Anayeendesha ni yule ambaye jina na leseni yake viko kwenye mkataba. Uliyemwachia usukani saa moja tu ili upumzike, kama hajaandikwa, akigonga ulinzi wote umeondoka na anayedaiwa ni wewe mwenye jina. Kumwongeza dereva wa pili ni kitu cha dakika chache pale kaunta, sehemu nyingine kuna ada kwa siku, nyingine mume au mke hatozwi, ulizeni tu.

Kwenye apu ni hivyo hivyo. Turo, unapokodi gari la mtu binafsi, kila dereva lazima aidhinishwe kwenye apu, na zile za kuchukua gari kwa saa kama Zipcar akaunti ni ya mtu mmoja, usimpe rafiki yako simu akafungue gari. Leseni ya nje wanaihakiki kwanza, picha, selfi, wakati mwingine wanataka rekodi yako ya udereva kutoka kwenu, sasa ukisubiri mpaka uko barabarani na mabegi ndio ujisajili utakwama. Na kwa wanaobeba watu njiani kupitia BlaBlaCar na zinazofanana nayo, abiria wanachangia gharama za safari tu, ukianza kutafuta faida umegeuka biashara ya usafiri, na bima ya kawaida haikufuati huko.

Umri nao, kwa haraka: kuwa na miaka 18 na leseni hakumaanishi utapewa gari, kampuni nyingi zinataka 21 na leseni iliyomaliza mwaka, chini ya 25 unaongezewa ada. Kadi iwe na jina la dereva mkuu, na debiti wengi wanaikataa. Kuvuka mpaka omba ruhusa kwa maandishi, hata kama hakuna askari mpakani.

La mwisho, "faini za huko haziwezi kunifuata." Zinafuata vizuri sana. Italia miji ina maeneo ya katikati yanayoitwa ZTL, ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia, ukiingia kamera inapiga namba, kampuni inatoa jina lako na kukukata ada ya usumbufu, halafu faini yenyewe inakuja kwa posta baadaye, na kwa mtu anayeishi nje ya nchi sheria yao inawapa siku 360 za kuituma. Kwa hiyo mkataba, risiti na picha za gari ulizopiga siku ya kuchukua na ya kurudisha usizifute, zikae hata mwaka na zaidi.