Mbavu zinazouma kwa kukohoa: mwenye pumu aanzie wapi?

Mikorosho inapochanua, kuanzia Juni hadi Septemba, mashine za kupulizia salfa, unga wa dawa ya mikorosho, huvuma asubuhi na mapema kuanzia Tandahimba na Newala hadi Ruangwa, na sisi wa kliniki za kifua tunajua nini kinafuata. Wengi wanaokuja tayari wanajijua kuwa wana pumu. Kikohozi wamekizoea; kilichowatoa nyumbani ni mbavu. Mtu hawezi kulalia ubavu, hawezi kucheka, na akitaka kupiga chafya anajishika kifua kwa mikono miwili. Nyumbani wameshasema ni kichomi, na wengine hufika na chale mbichi ubavuni.

Mwambie mgonjwa aonyeshe panapouma. Akigusa sehemu moja kwa kidole, ukaibonyeza akaruka, na maumivu yanazidi anapojigeuza au kukohoa, mara nyingi kilichoumia ni misuli iliyo kati ya mbavu au gegedu inayounganisha ubavu na mfupa wa kifua. Misuli hiyo imefanya kazi usiku kucha kwa wiki kadhaa. Inauma kama bega la mtu aliyelima siku nzima. Kikohozi kikali kinaweza hata kuupasua ubavu, hasa kuanzia wa tano hadi wa tisa. Wanaopatwa zaidi ni wazee, wanawake waliokoma hedhi, na watu waliomeza prednisoloni, vidonge vya kupunguza uvimbe, kwa muda mrefu. Ubavu wa namna hiyo kwa kawaida hujiunga wenyewe katika wiki kama sita, ilimradi kikohozi kitulizwe.

Tatizo linaanzia hapo. Mwenye mbavu zinazouma huogopa kuvuta pumzi ndefu. Akishika pampu yake anavuta nusunusu, dawa inaishia mdomoni na kooni, mirija ya hewa inabaki imebana, naye anaendelea kukohoa na kuziumiza mbavu zilezile. Kwa hiyo tunamtibu mgonjwa kwa kuanzia kwenye mirija, ingawa yeye amekuja kwa ajili ya ubavu. Kikohozi kisichoisha kwa mwenye pumu, hasa kinachomwamsha usiku, mara nyingi kinasema pumu yenyewe haijadhibitiwa.

Kuna dawa nafuu ya shida hiyo ya kuvuta, nayo ni chupa tupu ya maji ya nusu lita. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke bila kuifuta. Toboa kitako chake tundu linalotosha mdomo wa pampu kubana kabisa. Likizidi kidogo, zungushia plasta. Tikisa pampu, ipachike kwenye tundu, banisha midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, kisha vuta na kutoa pumzi zako za kawaida mara tano au sita bila kuitoa chupa mdomoni. Huhitaji pumzi ndefu, huhitaji kubana pumzi, na ubavu hausumbuliwi. Ukitaka mbonyezo wa pili, tikisa tena. Chupa ya aina hii ilipimwa kwa watoto wenye pumu nchini Afrika Kusini miaka ya 1990 ikafanya kazi vizuri, hivyo usione haya kuja nayo kliniki.

Angalia pia umeshika pampu ipi. Salbutamoli hufungua mirija kwa saa chache tu na haitibu uvimbe uliomo ndani. Beklometasoni ndiyo inayopunguza uvimbe: hutumika kila siku hata ukijisikia mzima, huchukua siku hadi wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake, na baada ya kuivuta unasukutua maji na kuyatema ili usipate utando mweupe mdomoni. Soma jina, usitegemee rangi. Wapo wanaopendelea vidonge vya salbutamoli kwa kuwa ni rahisi kubeba. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mibonyezo 40 ya pampu ya mikrogramu 100, na sehemu kubwa inazunguka mwilini badala ya kwenda kwenye mapafu; ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio.

Kwa maumivu yenyewe, anza na parasetamoli: mtu mzima vidonge 2 vya miligramu 500, tena baada ya saa sita, visizidi 8 kwa siku nzima. Diklofenaki, brufeni na aspirini zinauzwa kwa urahisi, lakini kwa baadhi ya wenye pumu huamsha shambulio kali, kwa hiyo mwambie muuzaji kuwa una pumu kabla hajafungua kopo. Kukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu kunasaidia. Kuzifunga mbavu kwa kanga hadi zikaze ni kosa, maana mapafu hayajai vizuri na nimonia hupata nafasi. Kanga hiyohiyo ikunje, ikumbatie ubavuni kila unapotaka kukohoa.

Salfa haiepukiki kwetu, kwa kuwa bila dawa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, unamaliza maua. Lakini mwenye pumu asibebe mashine yeye. Ampe kazi hiyo mwenzake, akae upande upepo unakotoka, na aliyepulizia aoge na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo jembamba. Moshi wa kubangua korosho kwa moto nyuma ya nyumba nao si wa kuchezea, sawa na wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha.

Kuwa na pumu hakumkingi mtu na kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au makohozi yenye damu: nenda kapime makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Na kama unameza kaptoprili, enalaprili au lisinoprili kwa ajili ya presha, taja, kwa sababu nazo huleta kikohozi kikavu. Ila usiache mwenyewe.

Maumivu ya ghafla ya upande mmoja yanayokuja pamoja na kukosa pumzi, kushindwa kumaliza sentensi, midomo kuwa ya bluu au mgonjwa kuanza kusinzia ni safari ya hospitali muda huohuo, iwe Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au iliyo karibu zaidi. Mkalishe, usimlaze. Mpe salbutamoli mibonyezo minne kwa chupa, mmoja mmoja, na urudie kila baada ya dakika 20 mkiwa njiani.

Kwenye kliniki ya kawaida, njoo na dawa zote unazotumia, hata zile za kwenye vikaratasi visivyo na jina, na uvute pampu yako mbele ya muuguzi akuone.