Je, wajua kwa nini chuo hulipia makala iliyoandikwa na profesa wake mwenyewe?

Mhadhiri wa chuo kikuu cha umma anafanya utafiti miaka miwili, mitatu. Mshahara wake unatoka serikalini, na gharama za utafiti amezibeba mfadhili au mlipa kodi. Akishaandika makala anaipeleka kwenye jarida la kitaaluma, ambako halipwi chochote. Mhariri anaituma kwa wasomi wawili watatu waipitie na kuikosoa, nao kwa kawaida hufanya kazi hiyo bure. Makala ikikubaliwa, mara nyingi mwandishi hutia saini fomu ya kumwachia mchapishaji hakimiliki. Mwaka ukigeuka, maktaba ya chuo kilekile inaletewa ankara: lipeni, ili walimu na wanafunzi wenu waweze kuisoma.

Msomaji asiye na chuo nyuma yake ana hali ngumu zaidi. Anaiona makala kwenye Google, anabofya, anasoma aya moja ya ikisiri, halafu anatakiwa alipe dola 30 au 40 kwa kurasa kumi na mbili. Senti ya mwandishi humo haimo.

Tumefikaje hapo? Mwanzoni jarida halikuwa mtaji wa kumtajirisha mtu. Philosophical Transactions, lililoanzishwa London mwezi Machi 1665 na Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, lilikuwa njia ya wataalamu kupashana habari za majaribio yao. Kwa karibu miaka 300 iliyofuata, majarida mengi yalibaki mikononi mwa vyama vya wanataaluma, na mengine yalijiendesha kwa hasara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali za Ulaya na Marekani zilimwaga fedha kwenye sayansi, matokeo ya utafiti yakawa mengi kuliko vyama hivyo vilivyoweza kuchapisha, na wafanyabiashara wakaliona pengo. Aliyeliona mapema kuliko wengi ni Robert Maxwell. Kampuni yake, Pergamon Press, ilianza mwaka 1951. Alipoiuza kwa Elsevier, mchapishaji mkubwa wa Uholanzi, mwaka 1991, alipata paundi milioni 440.

Kilichowatajirisha watu hawa ni sifa moja ya makala ya kisayansi: haina mbadala. Unga wa kampuni moja ukipanda bei, unanunua wa kampuni nyingine. Lakini daktari anayetafuta matokeo ya jaribio fulani la dawa ya malaria humwambii asome jarida jingine la bei nafuu linalozungumzia kitu kingine. Kwa hiyo jarida jipya halishindani na la zamani; maktaba hulazimika kuchukua yote mawili. Tena anayelidai jarida (profesa) siye anayelipa, na anayelipa (mkutubi) siye anayelisoma. Katika soko la namna hiyo bei hupanda ikiwa imekaa tu. Mwaka 2010 Elsevier ilipata faida ya paundi milioni 724 kutokana na mapato ya zaidi kidogo ya paundi bilioni 2. Asilimia 36! Ukweli usemwe, wachapishaji nao wana kazi: kuratibu upitiaji, kusahihisha lugha, kupanga kurasa, kutunza tovuti isianguke. Anayesema hawafanyi kitu hajawahi kuendesha jarida. Ugomvi uko kwenye bei.

Kisha ikaja intaneti, ambayo wengi walidhani ingeshusha gharama. Badala yake ilibadilisha kitu ambacho msomaji wa kawaida hakukigundua. Zamani maktaba ilikuwa na nyumba yake: jarida likishalipiwa liliwekwa rafuni, na hata fedha zikikata mwaka uliofuata, matoleo ya nyuma yalibaki pale pale yakila vumbi. Mtandaoni maktaba ni mpangaji. Inachonunua ni leseni ya mwaka, na kodi ikichelewa unaweza kufungiwa hadi vitu ulivyovisoma jana. Isitoshe, tangu miaka ya 1990 majarida yalianza kuuzwa kwa furushi, mamia kwa pamoja, na mikataba mingi ilikuwa na kifungu cha siri, hata wakutubi wa vyuo viwili jirani wasiweze kuulizana wamelipa kiasi gani.

Wakutubi ndio waliopiga kelele kwanza. Wanasayansi walikuja baadaye, maana kwao makala zilikuwa zinafunguka tu; nani aangalie ankara? Aprili 2012, Harvard, chuo chenye mali kuliko vyuo vyote duniani, kiliwaandikia wahadhiri wake kwamba majarida yanakigharimu karibu dola milioni 3.75 kwa mwaka, mengine yakifika dola 40,000 moja moja, na kwamba hali hiyo haivumiliki. Mwaka 2018 vyuo vya Sweden vilikata mkataba na Elsevier. Ujerumani nako wengi walikaa bila mkataba huo hadi 2023. Chuo Kikuu cha California kilijitoa Februari 2019 na kurudi mezani kusaini Machi 2021, kwa masharti mapya yaliyoziacha makala za watafiti wake wazi kwa kila mtu. Kwa miaka hiyo miwili wakutubi wa California waliwafundisha watu njia nyingine halali: kuazima kutoka maktaba nyingine, kutafuta rasimu za awali, kumwandikia mwandishi mwenyewe.

Huku kwetu mchezo una sura nyingine. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walizindua HINARI, mpango wa kuzipa taasisi za nchi maskini majarida ya afya bure au kwa bei ndogo. FAO ikafuata na AGORA ya kilimo mwaka 2003, na leo mipango hiyo imekusanywa chini ya jina la Research4Life. Nchi hupangwa makundi mawili: kundi A halilipi, kundi B linalipa ada ndogo. Ni msaada mkubwa, sina ubishi. Lakini ni msaada, na mtoaji ndiye mwenye ufunguo. Bangladesh walilijua hilo Januari 2011, wachapishaji kadhaa walipoyaondoa majarida yao HINARI wakisema nchi hiyo sasa ina soko. Watafiti walipolalamika hadharani, wakarudi nyuma.

Ndiyo maana wakutubi wa Afrika Mashariki waliamua kununua kwa umoja. Kenya wana KLISC, Tanzania wana COTUL, Uganda wana CUUL: miungano ya maktaba za vyuo na taasisi za utafiti inayojadiliana bei kwa niaba ya wote, mara nyingi ikisaidiwa na EIFL, shirika linalosaidia maktaba za nchi zinazoendelea. Mkutubi aliyesomea kupanga vitabu na kutunza katalogi anajikuta akisoma vifungu vya leseni: nani anahesabiwa kuwa mtumiaji? Mwanafunzi aliyehitimu jana? Daktari wa hospitali ya rufaa anayefundisha siku mbili kwa wiki?

Na hata chuo kikilipa, kazi haijaisha. Mchapishaji huandikisha anwani za mtandao wa chuo. Ukiwa ndani ya mtandao huo makala inafunguka bila kuulizwa neno. Ukivuka geti kwenda kwenye chumba ulichopanga mtaani, ukurasa uleule unakudai dola 40. Ukiwakuta wanafunzi wa uzamili usiku kwenye baraza la maktaba iliyofungwa, kompyuta mapajani, mbu wakiwala, usishangae: waifai haijui kwamba mlango umefungwa. Kuweka mfumo wa kuingia ukiwa mbali, na kuwaeleza watu kwamba upo, ni sehemu kubwa ya kazi ya dawati la msaada siku hizi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua maktaba mpya Novemba 2018, jengo la kuketi wasomaji zaidi ya 2,000, lakini fungu kubwa la kile mtafiti anachokihitaji halimo rafuni mwake wala mwa maktaba nyingine yoyote. Limo kwenye seva za watu.

Hasara ya ukuta huu wa malipo inaonekana vizuri zaidi Liberia. Mwaka 1982 watafiti wa Kijerumani walichapisha makala katika jarida la Annals of Virology. Walikuwa wamepima damu za Waliberia na kuandika kwamba nchi hiyo ihesabiwe miongoni mwa zile zenye virusi vya Ebola. Miaka 32 baadaye Ebola ililipuka na kuua zaidi ya watu 4,800 Liberia pekee, huku wataalamu wakisema haijawahi kuonekana upande ule wa Afrika. Aprili 2015 Bernice Dahn, mganga mkuu wa wizara ya afya ya Liberia, na wenzake wawili walieleza kwenye gazeti la New York Times kwamba kuipakua mojawapo ya makala za aina hiyo kungemgharimu daktari wa huko dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Damu ilitoka Liberia, majibu yakabaki Ulaya. Bei haikuwa kikwazo pekee, kwani hakuna Mliberia aliyekuwa miongoni mwa waandishi na hakuna aliyerudi kuwaambia, lakini mtu hatafuti asichojua kwamba kipo.

Kuanzia Azimio la Budapest la Februari 2002, jibu la wengi limekuwa ufikiaji huria: makala isomwe na yeyote mwenye intaneti bila kulipa. Njia ya kwanza ni hazina ya kidijiti ya chuo chenyewe, yaani ghala la mtandaoni la kazi za watafiti wake, na hapa ndipo kazi ya mkutubi ilipogeuka juu chini. Alizoea kuleta ndani maarifa ya nje. Sasa anayatoa nje yale ya ndani. Programu kama DSpace, iliyotolewa bure mwaka 2002 na chuo cha MIT cha Marekani pamoja na kampuni ya HP, ndiyo inayoendesha hazina nyingi za vyuo, na tasnifu zilizokuwa zikiozea stoo sasa zinasomwa na watu wasiojua hata geti la chuo liko wapi.

Kazi yenyewe, lakini, ina kero zake. Makala moja ina matoleo matatu. Kuna rasimu ya kwanza; kuna toleo lililokubaliwa, yaani baada ya marekebisho ya wapitiaji lakini kabla ya kupangwa kurasa; na kuna lile la jaridani lenyewe, lenye nembo na namba za kurasa. Wachapishaji wengi huruhusu la pili liwekwe hazinani, pengine baada ya kusubiri miezi 12 au 24. La tatu hukatazwa mara nyingi. Mkutubi akimwomba profesa la pili, profesa anatuma la tatu, kwa sababu ndilo analojivunia. Basi anaandikiwa tena: “Shikamoo Profesa. Samahani kwa usumbufu, naomba lile faili la Word ulilomtumia mhariri mara ya mwisho.” Profesa hajui liko wapi. Liko kwenye kompyuta iliyokufa, au kwa mwandishi mwenzake aliyehamia Norway. Makala ngapi zimekwama hapo, Mungu ndiye ajuaye.

Njia ya pili ni kumgeuzia mzigo mwandishi: msomaji asome bure, mwandishi alipe ada ya kuchapisha. Kwangu mimi huku ni kuhamisha ukuta kutoka mlango wa kuingilia kwenda mlango wa kutokea. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya yuro 9,500 kwa makala moja. Ada ya NeuroImage, jarida la Elsevier kuhusu picha za ubongo, ilikuwa dola 3,450, na Aprili 2023 wahariri wake, zaidi ya 40, walijiuzulu kwa pamoja kuipinga, wakaanzisha jarida lao. Wachapishaji wengi husamehe ada kwa waandishi wa nchi maskini, ila msamaha lazima uuombe mapema, mara nyingi kabla makala haijakubaliwa, na anayejua fomu iko wapi ni mkutubi.

Ada hizo zimezaa pia matapeli. Barua pepe inakuja ikimwita mhadhiri kijana “mtafiti mashuhuri”, inaahidi kuchapisha ndani ya wiki moja, kwa dola mia na kitu. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, alijulikana duniani kwa orodha yake ya wachapishaji wa namna hiyo, kabla hajaiondoa mtandaoni Januari 2017. Siku hizi mkutubi huangalia kwanza kama jarida limo kwenye DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Halafu anamwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa kwenye tovuti: unajua kwamba jina lako liko hapa? Wako wanaojibu kwamba ndiyo kwanza wanasikia.

Njia ya tatu haina mbwembwe: chuo kinaendesha jarida chenyewe, msomaji halipi na mwandishi halipi. Amerika ya Kusini wameizoea kupitia SciELO, maktaba ya mtandaoni ya majarida huria iliyoanzia Brazil. Afrika tuna African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, inayoweka mtandaoni majarida ya bara hili ambayo Google isingeyaona. Wanaosoma Kiswahili wanalijua Swahili Forum la Chuo Kikuu cha Leipzig. Mwanafunzi wa Kigoma mwenye bando la shilingi mia tano analisoma sawa na profesa wa Ujerumani.

Na wewe ukikutana na ule ukurasa wa dola 40, usikimbilie kutoa kadi. Nakili jina la makala yote, litafute upya pamoja na jina la chuo cha mwandishi, maana huenda toleo lililokubaliwa limelala kwenye hazina yake. Ukikosa, angalia alama ya bahasha kando ya jina la mwandishi: hapo ndipo anwani yake ya barua pepe ilipo. Mwandikie mistari miwili umwombe nakala. Wengi wataituma siku hiyohiyo, na bila kukudai kitu, kwani hata dola 40 zako wasingezipata.